Kabla ya Kupanda Chombo: Nasaha kwa Wanaotaka Kupita Maji ya Kasi

Katika likizo iliyopita alitujia barazani kwetu hapa Mbeya kijana mmoja tuliyemfundisha Juzuu Amma, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye kazi yake Iringa. Yeye na ndugu zake wanne, wawili wao wasichana, wamekusudia kwenda kupita maji ya kasi kwa boti la mpira, yaani kuteremka katika mto wenye mawe na mawimbi, kila mtu na kafi lake mkononi. Baba yao alikuwa amesema kwamba hatatoa ruhusa kwa wale wadogo mpaka Maalim aseme neno.

Pana wazee watakaosema kuwa huo ni upuuzi na akatazwe. Sisi hatukusema hivyo. Kuogelea na kutembea katika ardhi si mambo mageni katika dini yetu, na kumzuia kijana jambo la halali kwa sababu sisi twaliogopa si malezi. Lakini pia hatukumpa ruhusa upesi, kwa ajili ya jambo lililotufika sisi na yeye zamani, ambalo yatupasa tulikiri hapa.

Miaka zaidi ya ishirini iliyopita tulikwenda Kyela kwa arusi, na kutoka Matema tukapanda mashua kwenda kijiji cha mbele katika pwani ya Ziwa Nyasa. Chombo kilijaa watu, magunia na kuku. Kijana huyu alikuwa na umri wa miaka kumi. Akatuuliza kwa sauti iliyosikiwa na wote: "Maalim, mbona hakuna majaketi ya kuokolea?" Tuliona haya mbele ya nahodha. Tukamwambia: "Nyamaza, tawakali kwa Mungu." Tulipofika katikati ya safari upepo wa mwera ukainuka, maji yakaingia, magunia yakatupwa ziwani, nasi tukawa tunakumba maji kwa mabeseni. Mwenyezi Mungu alitufikisha salama. Lakini mtoto yule alishika kanzu yetu mpaka nchi kavu, wala hakuuliza neno tena. Siku ile mtoto ndiye aliyekuwa na elimu, na mwalimu ndiye aliyekuwa mjinga.

Kutawakali ni kumfunga ngamia kwanza. Sisi hatukumfunga, tukajificha nyuma ya neno jema. Na nchi yetu imeona mengi: MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, MV Spice Islander tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba, na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, karibu na kisiwa cha Ukara. Vyombo vyote vitatu vilipakia kupita kiasi. Ni abiria wangapi walioona chombo kimejaa, wakaona haya kusema?

Basi tukaketi naye, tukalitazama jambo lake kwa utaratibu.

Kwanza, ni mto gani? Kijana alifikiri kuanza na mito ya kwetu. Tukamkumbusha kuwa Ruaha Mkuu una viboko na mamba, na tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka katika kiangazi ndani ya mbuga ya Ruaha. Kiwira nao, huko Rungwe, hubanwa na miamba. Watu huenda kutazama Daraja la Mungu na Kijungu, wala si mahali pa kujitosa. Kazi hii ina mahali pake penye waongozaji waliozoea. Mmoja ni mto Nile karibu na Jinja, Uganda, ingawa lambo la Bujagali la mwaka 2012 na la Isimba la mwaka 2019 yamefunika sehemu ya maporomoko ya zamani. Wa pili ni Zambezi chini ya maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, ambako safari hizi zilianza mwaka 1981, na kwa mtu wa Mbeya njia yake ni kupita Tunduma.

Pili, ni msimu gani? Zambezi hujaa sana karibu na Aprili, na safari hupunguzwa au husimamishwa. Kuanzia Agosti hadi Desemba maji hushuka, na huo ndio msimu wake mkubwa. Maji ya kasi hupimwa kwa madaraja sita: la kwanza ni maji mepesi, la tano ni magumu mno, na la sita halifai kwa abiria. Atakayejisifu kwamba atawapitisha wageni katika la sita, akimbiwe.

Tatu, na hapa ndipo palipo kiini cha shauri letu, ni nani mwenye chombo? Tulimwandikia maswali ya kuuliza kwa simu kabla ya kutoa arubuni. Mwongozaji ameupita mto huu miaka mingapi? Kila boti huchukua watu wangapi? Je, jaketi na kofia ngumu vipo kwa kila mtu, kwa kipimo cha mwili wake? Je, wapo waokoaji wanaofuatana na boti kwa mitumbwi midogo? Anayeogopa poromoko fulani aweza kushuka na kulizunguka kwa miguu? Hospitali iko umbali gani? Maji yakiwa mabaya, fedha hurudishwa? Na je, kabla ya kuanza huwafundisha watu jinsi ya kufanya wakianguka majini? Mwalimu mwema atawaambia: lala chali, miguu itangulie mkondo unakokwenda, vidole vionekane juu ya maji, wala usijaribu kusimama, kwani mguu hunaswa kati ya mawe na mkondo ukakulaza.

Kwa nyumba zetu yapo maswali mengine ya haki kabisa. Wasichana wavae nguo ndefu ya kuogelea inayobana kiasi na kufunika mwili na kichwa, kofia ngumu ikae juu yake. Buibui na mtandio mrefu hunasa, na majini huweza kuua. Aulizwe mwenye chombo ni wapi watatua ili wapate kusali, na chakula chao ni cha namna gani. Mwenye kazi njema hachukii kuulizwa.

Kijana akapiga simu palepale. Mwenye chombo wa kwanza, ambaye bei yake ilikuwa ndogo na alikwisha pelekewa arubuni, alijibu kwa kucheka kwamba jaketi ni la asiyejua kuogelea. Wa pili alijibu kila swali kwa subira, akauliza na yeye umri wa wadogo, akasema aliye chini ya miaka 15 hamchukui. Bei yake ilikuwa karibu mara mbili.

Uso wa kijana ukasawijika. Arubuni ilikuwa akiba ya miezi mitatu, na mdogo wao wa mwisho ana miaka 14. Tukamwambia: iache arubuni ipotee, na safari ingoje mwaka mmoja, katika mwaka huo wadogo wajifunze kuogelea. Alinyamaza kitambo, kisha akatabasamu akasema: "Maalim, leo nimeruhusiwa kuuliza." Hatukuwa na jibu ila kumwomba radhi, naye akatupa.

Baba yao ametoa ruhusa kwa mwaka ujao. Nasi twawausia wazee wenzetu: mtoto akiuliza jaketi liko wapi, msimnyamazishe. Simameni naye mmuulize nahodha, na asipokuwa na jibu, shukeni.