Mjukuu wa Kiwanuka alivyokaa nje shingo ipone

Jioni Mwese, wilayani Tanganyika mkoani Katavi, mpira huanza watoto wakitoka tu shule, kabla hawajatumwa maji. Magoli ni mawe mawili, na kiangazi ardhi huwa ngumu kama sakafu. Akianguka mmoja, wenzake humpigia kelele: “Inuka, jikaze!” Mara nyingi huinuka. Mzazi hujua kuna tatizo usiku, mtoto anapokataa chakula.

Mathias Kiwanuka alikuwa akilipwa fedha nyingi ili agongane na watu. Hata yeye kuna mwaka aliambiwa apumzike, akapumzika.

Jina hilo wasomaji wa umri mkubwa watalikumbuka. Babu yake, Benedicto Kiwanuka, alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, na baadaye Jaji Mkuu. Septemba 1972 askari wa Idi Amin walimkamata Mahakama Kuu, Kampala, na akauawa. Mathias alizaliwa Machi 8, 1983, Indianapolis, Marekani, hivyo hakuwahi kumwona babu yake. Mwese, ambako wakimbizi kutoka Rwanda walipewa makazi miaka ya 1960, mtoto kuzaliwa mbali na kwa babu yake si habari ngeni.

Mchezo wake ni ule wa mpira wenye umbo la yai, wachezaji 11 kila upande, wamevaa kofia ngumu. Kazi yake ilikuwa kumfikia mpiga pasi wa timu pinzani na kumwangusha kabla hajaachia mpira. Alipokuwa Chuo cha Boston alifanya hivyo mara 37 na nusu (nusu hutolewa wawili wakimwangusha mtu kwa pamoja) na kuweka rekodi ya chuo. Mwaka 2006 New York Giants wakamchukua katika raundi ya kwanza.

Msimu huohuo alichekwa sana. Katika mechi na Tennessee Titans alikuwa amemshika mpiga pasi, akamwachia akidhani mpira umeshatoka, kwa kuogopa adhabu ya kumuumiza mtu asiye na mpira. Titans wakashinda 24-21. Watu walimlaumu, lakini sheria aliyoiogopa imewekwa kulinda miili ya wachezaji, na si vibaya kijana kuwa nayo kichwani.

Novemba 2007 alivunjika mfupa mwembamba wa mguu, ule ulio kando ya muundi. Februari 2008 Giants wakatwaa ubingwa yeye akiwa nje.

Jeraha lililotisha zaidi lilikuja 2010. Alikuwa ameanza msimu vizuri kuliko wakati wowote, mechi tatu tu, kisha ikaonekana diski ya shingo imechomoza. Diski ni kile kitu laini kilicho kati ya pingili moja na nyingine. Ikitoka mahali pake inaweza kubana neva, na mtu akahisi ganzi au udhaifu mikononi. Msimu wake ukaishia hapo.

Kwa mzazi, hapa ndipo pa kutulia. Mtoto aliyeanguka kwa kichwa, iwe uwanjani au kutoka juu ya mwembe, akilalamika maumivu ya shingo, ganzi au mikono kukosa nguvu, asivutwe mkono ili ainuke. Alazwe palepale, kichwa kishikwe kisigeuke, gari litafutwe. Bodaboda ndiyo usafiri wa haraka vijijini, lakini kumpakia katikati ya watu wawili kwenye barabara ya mashimo kunaweza kuongeza madhara.

Kichwa nacho kina dalili zake: kupoteza fahamu hata kwa muda mfupi, kutapika zaidi ya mara moja, kuchanganyikiwa, degedege, usingizi usio wa kawaida, maumivu yanayozidi. Ikitokea mojawapo, mtoto apelekwe kituo cha afya usiku huohuo bila kusubiri asubuhi. Aliyetikiswa kichwa harudi mchezoni siku hiyo, hata akisema yuko sawa, hata kama mwalimu anamhitaji kwa UMITASHUMTA. Hurudi taratibu, dalili zikiisha na mhudumu wa afya akiridhika.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ngumu. Mtoto anayekimbia haonekani mgonjwa, na kumkataza uwanja kwa wiki kadhaa ni ugomvi wa kila jioni nyumbani.

Kiwanuka alirudi 2011. Februari 5, 2012 fainali ilichezwa Indianapolis, mji aliozaliwa, Giants wakaifunga New England Patriots 21-17, na safari hii alikuwa uwanjani. Tangu shingo ile, alicheza misimu minne kabla Giants hawajaachana naye mwaka 2015.