Kwa Nini Muumini Haondoki? Somo la Mashahidi wa Namugongo

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Maswahaba wake. Ama baada ya hayo:

Katika misikiti ya hapa Mwanza na miji yote ya kandokando ya ziwa, liko swali ambalo vijana huwauliza masheikh wao, mara kwa adabu na mara kwa hasira. Wanasema: vipi tushikamane na dini yenye maamrisho mazito, hali wanaotuamrisha hawayatekelezi? Anayekemea riba anakopesha kwa riba. Anayehutubia juu ya amana, hesabu za msikiti wake hazionekani. Swali hili si la kupuuzwa, wala anayeliuliza si wa kufukuzwa. Makala hii inalitazama kupitia tukio lililotokea ng'ambo ya ziwa letu hili, katika nchi ya Buganda, mwaka 1876.

Mfalme aliyeamrisha asilolitenda

Uislamu uliingia Buganda kwa njia ya wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliotoka pwani kupitia Tabora na Karagwe. Mwaka 1844 Ahmad bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suna, akamkumbusha kuwa watu anaowaua ovyo wanaye Muumba wao. Mwanawe Suna, Mutesa wa Kwanza, aliipokea dini kwa nguvu zaidi. Alianza kufunga Ramadhani mwaka 1867 na akaendelea kwa takriban miaka 10. Alijenga msikiti katika kasri, akahimiza salamu ya Kiislamu na kusoma Qur'ani, na akaamrisha raia wafunge na waswali. Waliokaidi waliadhibiwa, na wako waliouawa.

Lakini Mutesa mwenyewe alikataa kutahiriwa, kwani mila ya Buganda haikuruhusu damu ya Kabaka imwagike. Na Stanley, aliyekuwa ameanzia safari yake ya mashua hapa Kageyi, karibu na Mwanza, alipofika kwake Aprili 1875 na kumweleza Ukristo, Mutesa alimsikiliza na kumpa matumaini. Mwaka 1876 wakaja Waislamu kutoka upande wa Misri na Sudan. Riwaya zinaeleza kuwa wao ndio waliowaambia vijana wahudumu wa kasri kwamba haifai asiyetahiriwa awe imamu wao.

Basi vijana wale wakaacha kuswali nyuma ya Kabaka na wakakataa nyama ya kasri. Mutesa akaona ni uasi, akaamrisha wakamatwe. Zaidi ya 70 waliuawa kwa moto pale Namugongo, nje kidogo ya Kampala ya leo. Hayo yalikuwa miaka 10 kabla ya Wakristo kuuawa mahali hapohapo mwaka 1886.

Tazama ajabu yake ewe msomaji. Aliyewafundisha kufunga ndiye aliyewaua kwa sababu ya dini. Kama unafiki wa kiongozi ungekuwa hoja ya kuiacha dini, nani angekuwa na hoja kubwa kuliko wao?

Hukumu ya kifiqhi

Ni lazima tupambanue hapa. Kutahiriwa kwa mwanamume ni wajibu katika madhehebu ya Shafii, na ni Sunna kwa Mahanafi na Wamaliki. Nyama aliyochinja asiye Muislamu wala Ahlul Kitab hailiwi. Ama Muislamu asiyetahiriwa, imepokewa kuwa Ibn Abbas (R.A.) alikichukia kichinjo chake, lakini jumhuri ya wanavyuoni wanaona ni halali. Vilevile, swala nyuma ya fasiki kwa Mashafii ni sahihi pamoja na karaha. Ibn Umar (R.A.) aliswali nyuma ya al-Hajjaj bin Yusuf, na dhulma ya al-Hajjaj inajulikana.

Kwa hiyo katika baadhi ya mambo vijana wale walishika kauli nzito kuliko ya jumhuri, na lau wangekula kwa kulazimishwa kwa upanga wasingepata dhambi. Anayefundisha kisa hiki asikifanye dalili ya kuharamisha kila msikiti ambao imamu wake ana kasoro. Somo lake liko kwingine.

Kwa nini hawakuondoka?

Jibu ni kwamba ahadi yao haikuwa na Mutesa. Yeye aliwafikishia maamrisho, lakini maamrisho si yake. Ndiyo maana sheria ileile aliyowasomesha ikawa mizani ya kumpimia yeye. Dini isiyo na masharti haina mnafiki, kwa kuwa hakuna anachokivunja mtu. Unafiki wa kiongozi unaonekana kwa sababu sheria iko wazi na iko juu yake. Anayeikimbia sheria kwa kuwa mtu ameivunja ni kama anayevunja mizani kwa kuwa muuzaji amepunja.

Hili si geni. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, walitoka watu 1,000. Abdullah bin Ubayy, mkuu wa wanafiki, akarudi na 300 njiani. Waliobaki 700 hawakusema dini imeharibika. Na mwana wa Ibn Ubayy mwenyewe alikuwa Swahaba mkweli, aliyekulia nyumba moja na kichwa cha unafiki. Katika Surat Aal-Imran, aya ya 144, Allah (S.W.) anawafundisha waumini kuwa hata kifo cha Mtume hakiwi sababu ya kurudi nyuma. Ikiwa kifo cha mbora wa viumbe si udhuru, vipi kosa la imamu wa mtaa?

Na Waislamu wa Buganda hawakutoweka kwa moto wa Namugongo. Walishindwa vitani, wakakimbilia Bunyoro, wakarejea na Mwanamfalme Nuhu Mbogo mwaka 1892, na mwaka 1893 wakabakishiwa wilaya moja tu ya Butambala. Dini yao ipo mpaka leo.

Subira si ruhusa

Maimamu wasiyasome haya wakafarijika. Kubaki kwa muumini si kuridhia. Abu Said al-Khudri (R.A.) alipomuona Marwan, gavana wa Madina, anatanguliza khutba ya Idi kabla ya swala, alimvuta nguo na kumkanya mbele za watu. Hakunyamaza na hakuondoka katika Uislamu. Hiyo ndiyo njia: kubaki na kukataza.

Allah (S.W.) katika Surat As-Saff, aya ya 2 na 3, ameeleza kuwa ni chukizo kubwa mbele Yake kusema usilolitenda. Makemeo hayo yanamhusu anayepanda mimbari kabla ya anayekaa chini yake. Kijana akiondoka atajibu kwa nafsi yake, lakini aliyemkimbiza naye ataulizwa. Basi hesabu za msikiti zisomwe hadharani, na anayeuliza ajibiwe kwa elimu.

Tunamuomba Allah atuthibitishe katika haki, na asitujaalie kuwa fitna kwa walioamini. Amin.

Wabillahi Tawfiq.