Maji ya moto yakipungua, anza kupanda kwenye tenki

Bomba la mvua likianza kutoa maji membamba, mwenye nyumba wa Igunga hukimbilia dukani kununua hita mpya. Fundi anaifunga, watu wanaoga kwa matumaini, na baada ya siku chache manung'uniko yanarudi yale yale. Pesa imekwenda na chanzo hakijaguswa. Linaniuma, kwa sababu mara nyingi hita iliyotupwa ilikuwa nzima.

Hita hizi ndogo zinazopasha maji papo hapo zimeenea mjini, hasa kwenye gesti za kando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega. Kabla ya hita hizo mji ulitegemea bwawa la Bulenya na visima, na maji ya kuoga yalichemshwa jikoni yakachanganywa kwenye ndoo. Kisha yakaja maji ya Ziwa Victoria, yanayovutwa Ihelele wilayani Misungwi. Mradi wa kuyafikisha Nzega, Igunga na Tabora ulijengwa kwa mkopo wa India, na Rais John Magufuli akauzindua Januari 2021. Maji yalipoingia ndani ya nyumba, hita nazo zikafuata.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Chukua ndoo ya lita 10 na saa ya simu. Hita ikiwa imezimwa, fungua koki ya bomba la mvua mpaka mwisho, kinga maji, andika muda. Washa hita, usiguse koki, kinga tena. Muda ukilingana, kuwasha hita siko kunakopunguza maji. Kisha kinga kwenye koki nyingine ya bafu hilo hilo. Hiyo ikijaza ndoo haraka huku bomba la mvua likisuasua, kizuizi kimo ndani ya hita au kwenye kiungio chake. Zote mbili zikisuasua, iache hita ukutani na upande juu.

Huko juu ndiko wengi hawapendi kwenda. Katika nyumba zetu nyingi maji ya mamlaka huingia kwanza kwenye simtanki, halafu hushuka ndani. Yakishaingia tenkini, msukumo wote uliotoka Ihelele hadi hapa umekwisha. Kinachobaki ni kimo tu. Mita 10 za kimo hutoa msukumo wa baa 1. Tenki lililo mita 2 juu ya bomba la mvua hutoa baa 0.2, na hita nyingi za aina hii huhitaji angalau mita 1 ndipo mpira wa ndani unyanyuke na kuunganisha umeme. Anayepunguza kimo cha mnara wa tenki ili aokoe zege na nondo atalipia uamuzi huo kila asubuhi.

Fuata bomba pia. Bafu la mwisho hulishwa kwa nusu inchi yenye kona nyingi, wakati robo tatu ingefaa. Mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa moto yakichomwa kupita kiasi, plastiki iliyoyeyuka huziba nusu ya tundu ndani, na kwa nje huoni kitu. Tenki likiwa limekauka wakati wa mgao, upepo hubaki bombani. Fungua koki zote mpaka utoke.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo hita husingiziwa. Hita ya wati 5,500 ikipata maji ya nyuzi 25 na kuyafikisha 38, inaweza kupasha kama lita 6 kwa dakika. Asubuhi ya Julai maji ya tenkini yakiwa nyuzi 18, ukitaka 38 ile ile utapata karibu lita 4. Umeme nao ukishuka kutoka volti 230 hadi 200, nguvu ya hita hupungua kwa robo, na unabaki na lita 3. Mtu anayeoga anaona maji hayajapata moto, anabana koki kidogo, yanapata. Anabana tena. Baadaye analalamika kwamba maji ya moto ni membamba. Hita nyingine ya wati zile zile haitambadilishia chochote.

Ndugu zetu walioko Uingereza wanakutana na sheria hiyo hiyo kwenye boila za gesi zinazopasha nyumba na maji pamoja. Boila ya kilowati 24 hutoa karibu lita 10 kwa dakika ikipandisha maji nyuzi 35. Wakati wa baridi kali maji huingia yakiwa baridi zaidi, na kiasi cha maji ya moto hupungua hata boila ikiwa mpya. Kama maji ya baridi yana nguvu na ya moto hayana, mafundi wa huko hukagua chujio la kuingilia na kibadilisha joto kilichojaa chokaa.

Chokaa hatuikosi hapa, hasa kwa wanaochanganya maji ya kisima. Kichwa cha bomba la mvua kiloweke kwenye siki usiku kucha, kisha kisugue. Chujio kwenye kiungio cha hita hukusanya tope na mchanga, na kulisafisha ni kazi ya dakika chache, baada ya kuzima swichi kuu ya nyumba.

Hilo la kuzima silisemi kwa mazoea. Hita ya wati 5,500 huvuta takribani ampea 24. Inahitaji waya mnene wa peke yake, swichi yake, na waya wa ethi uliofika ardhini kweli. Fundi akikuambia ataunganisha moja kwa moja ili hita iwake hata maji yakiwa kidogo, mkatalie: nyaya za ndani zitaungua, na anayesimama chini yake amelowa ni mwanao au mgeni wako. Tafuta fundi umeme mwenye leseni ya EWURA.

Akifika, mwonyeshe muda wa ndoo ulioandika, mpandishe kwenye tenki, na mwombe afungue chujio mbele yako kabla hamjazungumzia bei ya hita mpya.