Funzi: Matembezi yanayopangwa na bahari

MTALII anayezuru Kisiwa cha Funzi, Kaunti ya Kwale, huenda akadhani kwamba kutembea kisiwani hakuhitaji zaidi ya viatu na chupa ya maji. Dhana hiyo ni potovu. Kisiwa hicho, kilichoko kusini mwa Msambweni na kinachofikiwa kwa mashua kutoka kijiji cha Bodo, kimepakana na misitu ya mikoko, na anayeamua saa ya safari ni bahari.

Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Nyakati za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji makuu na madogo katika pwani ya Kenya huzidi mita 3. Fungu la mchanga lililokuwa kavu saa nne asubuhi huwa limezama ifikapo alasiri. Anayechelewa kurejea huikosa njia aliyojia.

Ndiyo maana ujira wa kiongozi mwenyeji si sadaka. Yeye ndiye ajuaye tope linalombeba mtu na lile linalommeza. Humtambulisha mgeni mkoko wenye mizizi mfano wa magongo, mchu ambao mizizi yake huchomoza matopeni ili ipumue, na mkandaa, ambao magome yake hutoa rangi. Aidha, humzuia kuoga kwenye mlango wa Mto Ramisi, ambako kuna mamba.

Basi anayepanga safari asianze kwa kuuliza bei. Na aulize kwanza maji yatapwa saa ngapi.