Kupandisha mwendo wa ordinatere ya nyumbani: kwanza tuifungue

Kijana mmoja wa Masisi, mwanafunzi aliyerudi nyumbani kutoka Goma, alitukuta na swali ambalo tumeshalisikia mara nyingi: "Ordinatere yetu iko inalala. Wenzangu banasema mutu anaweza kuongeza mwendo bila kununua ingine. Ni kweli ao ni bongo?"

Ni kweli. Lakini si kwa kila mashine, na haikuwe bule. Ile kazi njo Waingereza wanaita overclocking. Maana yake ni kulazimisha prosesa, ule ubongo wa ordinatere, ipige haraka kuliko vile kiwanda kiliipanga. Gazeti hili linasomwa na watu wa shimo, tutaeleza kwa lugha ya shimo pale inapofaa, juu jambo lenyewe linafanana na kazi yenu: nguvu, joto, hewa, na kujua mahali pa kusimama.

Prosesa inafuata pigo kama vile watu wa nyundo wanafuatana. Chukua ile Core i5-2500K ya mwaka 2011, ambayo ingali inapatikana katika mashine za mitumba. Pigo la msingi ni megahezi 100, prosesa inalizidisha mara 33, inatoa gigahezi 3.3. Kama ukibadilisha ile 33 ukaweka 40, unapata gigahezi 4. Njo yote. Watu walianza zamani: mwaka 1998 kulikuwa Celeron 300A, prosesa ya bei ya chini, watu wakaitoa kwenye megahezi 300 wakaifikisha 450, ikatembea sawa na zile za mabwana wakubwa. Tangu pale kila kijana mwenye bisibisi alitaka kujaribu.

Shida ni joto. Mwendo ukipanda, prosesa inaomba volti zaidi, na hapo hesabu inakuwa kali: kuran inayoliwa inapanda pamoja na mwendo, lakini inapanda mara mbili juu ya volti. Ongeza mwendo 10 kwa 100, ongeza na volti 10 kwa 100: matumizi yanapanda karibu 33 kwa 100. Nawe umepata nini? Video iliyokuwa inachukua dakika 60 kutengenezwa itachukua kama 55. Kuandika barua hakutabadilika hata kidogo.

Tuweke hesabu hii katika nyumba yenye pano, juu njo nyumba nyingi za Masisi na Walikale. Tuseme una batri ya volti 12, ampere 200 kwa saa. Ni wati-saa 2,400, lakini batri ya risasi haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo zimebaki 1,200. Konvertisere inakula yake, tuseme 15 kwa 100. Mashine pamoja na ekrani ikila wati 120 kwa kazi nzito, unafanya saa 8 na nusu. Prosesa iliyokuwa inakula 80 ikifika 106, jumla inakuwa 146, na saa zinashuka kuwa 7. Saa moja na nusu imeenda. Kwa mwenye sekretaria ya kuchapa barua na kutoa kopi, ile saa na nusu ni chakula cha watoto. Kwa kijana wa michezo ni jambo ingine, lakini batri ni ya baba.

Na grupu? Hapo tunasema wazi: usipandishe mwendo kwenye mashine inayokula kuran ya grupu ndogo bila stabilizatere. Grupu inapanda inashuka kila mutu akiwasha pasi, na mashine iliyosukumwa mpaka mwisho haina nafasi ya kuvumilia. Alimantasio, lile sanduku la chuma linaloingiza kuran ndani ya ordinatere, njo ya kwanza kuangaliwa. Ikiwa nyepesi sana mkononi na haina jina la kiwanda, iache na kazi yake ya kawaida.

Sasa, kufunguka ao kutofunguka. Kwa Intel, prosesa zinazokubali zina herufi K mwisho wa nambari, nazo zinataka karti mama ya aina ya Z. Kwa AMD, karibu Ryzen zote zinakubali, hata kwenye karti mama za aina ya B. Zile za A hazikubali. Lakini mashine nyingi zinazofika kwetu ni za maofisi ya Ulaya, zimetumika zikauzwa: Dell OptiPlex, HP ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Karibu zote zimefungwa. Hakuna ufunguo, na mutu anayekuomba feza ili akufungulie, muage kwa heshima. Ordinatere ya mapaja nayo tunaiacha, haina hewa ya kutosha.

Tunajua ni jambo la kuudhi. Mutu wa Rubaya anachimba koltani, mutu wa Bisie anachimba kasiterite, vinapita, na kisha mashine inarudi ikiwa nzee na imefungwa. Tuseme basi kilicho ndani yake, juu wengi wanatuuliza. Bati ya kasiterite iko kila mahali: zile nukta za fedha zote zinazoshikilia vipande kwenye karti mama ni soda ya bati. Tangu tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka 2006 Ulaya ilikataza risasi ndani ya vyombo vya namna hii, na soda ya leo inayotumika sana ni bati karibu 96.5 kwa 100, na fedha kidogo na shaba kidogo. Walikale, kwa Bisie, ambako watu walianza kuchimba karibu mwaka 2002 na ndege ndogo zilikuwa zinatua barabarani kwa Kilambo kuchukua mizigo, sasa kuna mgodi wa Alphamin uliofunguliwa mwaka 2019. Tantali ya koltani inatengeneza kondansatere ndogo, mara nyingi za rangi ya njano ao nyeusi, zenye mstari upande mmoja. Nyingi ziko ndani ya simu na ordinatere za mapaja. Karti mama za leo zinatumia zaidi zile za aluminiumu. Lakini tantali iko pia ndani ya prosesa yenyewe, kama ngozi nyembamba sana inayozuia shaba isiingie mahali haitakiwi. Wazee wanakumbuka bei ilivyopaa mwisho wa mwaka 2000 na ilivyoanguka 2001.

Kwa mwenye kupandisha mwendo, kondansatere ya tantali ina tabia moja ya kujua: haipendi volti kupita kipimo chake. Ikizidiwa haivimbi polepole kama zile za zamani. Inaweza kuwaka moto. Njo maana hatuchezi na volti.

Kama mashine yako inakubali na kuran yako ni tulivu, anza hivi. Toa kwanza kopi ya kazi zako zote kwenye klee USB, mashine ikianguka katikati inaweza kuharibu faili. Isafishe. Weka programu ya kusoma joto, HWiNFO inatosha na haiuzwe. Iache ifanye kazi nzito nusu saa bila kubadilisha kitu, uandike joto kwenye karatasi. Ikiwa tayari inapita digri 80, simama hapo: mashine yako inaomba hewa, haiombe mwendo.

Ikiwa iko chini, zima, washa, finya Delete ao F2 mpaka uingie BIOS. Andika kila nambari unayoikuta kabla ya kugusa. Kisha pandisha kile kizidisho hatua moja tu, 33 iwe 34, volti uiache vile iko. Washa, jaribu nusu saa na programu nzito kama Prime95 ao OCCT, angalia joto. Ikisimama sawa, hatua ingine. Ikiganda, ao ekrani ikawa ya buluu, rudi hatua moja nyuma na ubaki pale. Vitabu vinasema uiache ijaribiwe usiku kucha. Sisi tunajua nani ana kuran ya usiku kucha. Saa mbili za mchana zenye jua zitatosha kwa kuanza.

Wengine wataongeza volti ili wapate hatua mbili zaidi. Kwa zile prosesa za 2011 wengi walikuwa hawapiti volti 1.35. Kwa mutu anayeanza, shauri letu ni kutogusa. Na mashine ikikataa kabisa kuwaka baada ya mabadiliko, usilie: toa waya wa kuran, toa ile batri ndogo ya duara, CR2032, ngoja dakika chache, rudisha. BIOS inasahau yote na inarudi vile ilitoka kiwandani.

Mahali unakaa panahesabika pia. Milima ya Masisi ina baridi nzuri, lakini kwa meta 2,000 hewa imepunguka uzito karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na pwani, kwa hiyo ventilateri inasukuma hewa nyepesi. Anayeshuka shimoni anajua tofauti ya hewa nzito na hewa haba. Walikale ni chini, ni pori, joto na unyevu: pale mashine iliyolala miezi inataka kukaushwa juani ikiwa imefungwa kabla ya kuwashwa. Na barabara! Mashine iliyotoka Goma kwa kamio kupitia Sake inafika imetikiswa. Radiatere kubwa ya prosesa inaweza kulegea. Familia nyingi zimehamahama na mashine zao miaka hii, Rubaya ikiwa mikononi mwa M23 tangu mwisho wa Aprili 2024. Ifungue uangalie kabla ya kuilaumu.

Kuna na njia ya kinyume, ambayo sisi tunaipenda zaidi kwa nyumba za pano: kushusha volti kidogo na kuacha mwendo ule ule, kwa mashine inayokubali. Joto linashuka, batri inakaa. Mafundi wanaoendesha mashine za kuchimba bitcoin kwa Luviro, kwenye kuran ya maji ya Virunga tangu 2020, wako katika hesabu ile ile: kila wati inatakiwa kuleta kitu. Na ukiwa na feza kidogo, nunua diski SSD kabla ya yote. Hakuna kupandisha mwendo kunakoshinda ile.

Tukarudi kwa yule kijana. Tulisoma nambari ya prosesa yake: i5-6500, bila K, ndani ya sanduku la ofisi. Imefungwa. Alinyamaza. Tukaomba bisibisi ya dada yake. Ndani, vumbi lilikuwa nene kama bulangeti, na ile pate kati ya prosesa na radiatere imekauka kama udongo wa kiangazi. Joto lilikuwa digri 97 kwa kazi nzito, na prosesa ikifika karibu na 100 inajipunguza yenyewe ili isiungue. Njo ile "kulala".

Tuliondoa vumbi na burashi laini, tukishika ventilateri na kidole isizunguke, tukapangusa pate ya zamani na pombe kali, tukaweka mpya kiasi cha punje ya mchele. Ilisoma digri 68, gigahezi 3.2 bila kushuka. Dada yake alikuwa ameinama juu ya karti mama na taa ya simu. "Na yetu iko wapi humu?" Tukamuonyesha zile nukta za fedha. Aliomba tusifunge kwanza, mama aje aone.