Ujasiri na hesabu katika soko la mahindi Kibaigwa

Mfanyabiashara wa mahindi Kibaigwa hutoa fedha zake bila kujua mambo mawili: bei ya miezi ijayo, na kama mpaka utabaki wazi. Mji huu wa wilaya ya Kongwa, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Dodoma, una soko kubwa la nafaka linalopokea mahindi ya Kongwa yenyewe, Kiteto na wilaya jirani, kisha kuyasambaza mijini na hadi nje ya nchi.

Chanzo cha wasiwasi ni mvua. Nyanda za kati zina msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Mavuno yakiingia sokoni bei huporomoka. Ghala zikianza kukauka mwishoni mwa mwaka, hupanda. Anayenunua Juni akilenga Januari amefungia mtaji wake ndani ya magunia kwa miezi saba. Mavuno ya vuli ya kaskazini yakikubali, au Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) ukitoa akiba yake, faida aliyoitarajia huyeyuka.

Mtihani wa pili ni mpaka. Mwaka 2011 Serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ili kulinda chakula cha nchi. Juni 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza tena zuio, akitaka wenye mahindi wasage na kuuza unga. Machi 2021 pigo lilitoka upande wa pili: Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Siku chache baadaye iliruhusu kwa masharti, likiwemo la cheti kinachothibitisha kuwa sumu hiyo haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Hofu ya sumukuvu ilikuwa na msingi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, kunakotoka sehemu kubwa ya mahindi ya Kibaigwa. Kwa hiyo uamuzi mgumu huanzia kwenye gunia. Bambo huchomwa ubavuni, punje zikamiminika kiganjani. Mnunuzi hutazama ukungu, punje zilizovunjika na unga mwembamba ulioachwa na mdudu dumuzi, ambaye wakulima humwita Skania. Unyevu ukizidi asilimia 13.5, kiwango cha Afrika Mashariki, mzigo unatakiwa kurudi kuanikwa. Kuukataa mzigo wa muuzaji wa siku zote, ilhali lori linasubiri kujazwa, kunahitaji moyo kuliko kuununua.

Ujasiri usio na hesabu nao una historia yake wilayani Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzia hapo mradi mkubwa wa karanga, wakilenga kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Mwaka wa kwanza walikusudia kufyeka ekari 150,000; zilizofyekwa ni takriban 7,500. Udongo uligeuka mgumu kama saruji kiangazi, mvua ikawa haba, matrekta yakaharibika. Hata hivyo fedha ziliendelea kumwagwa hadi mradi ulipofutwa mwaka 1951, hasara ikiwa imefika mamilioni ya pauni. Wakuu wake walithubutu kuanza, lakini walichelewa kusimama.

Tofauti iko hapo. Kiongozi thabiti wa biashara ya nafaka hanunui mzigo wote kwa bei ya siku moja. Huuza sehemu mapema ili abaki na fedha mkononi, na hutafuta soko la unga la ndani kabla mpaka haujafungwa. Washirika na wakopeshaji huwaeleza hali ilivyo bei inaposhuka, hata kama taarifa hiyo itampunguzia mkopo. Na alama za hasara zikijitokeza, huuza kwa hasara ndogo Oktoba badala ya kungoja Januari kwa matumaini, kwa sababu mtaji uliosalia ndio utakaonunua mavuno yanayofuata.