Akiolojia na Wenyeji: Funzo la Matuta ya Uluguru

Makala haya yanajadili nafasi ya wenyeji katika utafiti wa akiolojia mkoani Morogoro. Kwa kawaida mtafiti huingia kijijini akiwa na kibali cha serikali, kama inavyotakiwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kibali hicho ni cha lazima. Hoja yetu ni kwamba hakitoshi.

Kwa Waluguru ardhi imefungamana na ukoo, nao ukoo hufuatwa kwa upande wa mama. Barua ya ofisi ya kijiji yaweza kumpa mtafiti njia, lakini mwenye kauli juu ya makaburi na mahali pa tambiko ni wazee wa ukoo unaohusika. Aidha, milima hii inawakumbuka wageni wenye vipimo. Mwaka 1955 palizuka ghasia za kupinga mpango wa serikali ya kikoloni wa kuwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Lengo lilikuwa hifadhi. Kilichokosekana ni ridhaa. Mtaalamu anayepigilia vigingi na kufunga kamba kwenye mteremko huohuo hana budi kujua anafananishwa na nani.

Athari zake huonekana katika data zenyewe. Huko Dakawa, karibu na mto Wami, wanaakiolojia wamefukua vyungu na mabaki ya uhunzi vya Zama za Awali za Chuma. Aghalabu anayetangulia kuviona vitu vya namna hiyo ni mkulima, jembe lake linapoinua vigae na mavi ya chuma. Akiamini kwamba mchimbaji anatafuta hazina iliyofichwa na Wajerumani (dhana iliyoenea mno nchini), atanyamaza, au atachimba mwenyewe usiku. Tabaka za udongo zikishavurugwa hazirudishiki.

Kinyume chake, Peter Schmidt alipoanza kazi Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1960, aliwasikiliza wazee kwanza. Masimulizi yao yalimfikisha Katuruka, kwenye mti uliohusishwa na wahunzi wa kale, na uchimbaji ukafichua mabaki ya uyeyushaji wa chuma.

Uluguru nayo ina Kolelo, pango la tambiko ambalo jina lake lilivuma wakati wa Vita vya Majimaji mwaka 1905. Mahali kama hapo mtafiti huenda akaambiwa asichimbe. Kwa maoni yetu, jibu hilo nalo ni data, na linastahili kuingizwa katika ripoti pamoja na sababu zilizotolewa.